“Podrá”, “puede que” na kesho isiyo na hakika

Sentensi iliyonifunza kazi hii ya kufasiri Kihispania kwenda Kiingereza ilikuwa fupi: “El proveedor no podrá entregar antes del 30 de junio.” Ilikuwa ndani ya mkataba. Nikaandika “The supplier may not deliver before 30 June”, nikasonga mbele. Mhariri akanirudishia na swali moja pembeni: msambazaji amekatazwa kuleta mzigo kabla ya tarehe hiyo, au huenda asiulete? Kihispania kilikuwa kimeshajibu. Mimi ndiye niliyelizua swali.

Katika mikataba, “podrá” hutoa ruhusa, na “no podrá” huinyima. “La empresa podrá rescindir el contrato” maana yake kampuni ina haki ya kuuvunja mkataba: “The company may terminate the contract”. Ukiweka “will be able to”, haki imegeuka kuwa uwezo. Ukiweka “might”, imegeuka kuwa kisio, na mkataba haukisii. Hapo “may” inafanya kazi yake vizuri. Tabu huanza inapokanushwa, kwa sababu “may not” hubeba marufuku na uwezekano kwa pamoja. Kihispania huvitenga: kama ni uwezekano, mwandishi angesema “puede que el proveedor no entregue”, yaani huenda msambazaji asilete. Tangu siku ile, nikikutana na marufuku naandika “must not”, au “shall not” mteja akipenda lugha ya kisheria, na uwezekano naupa “might not”. “May not” naikwepa kabisa kwenye mikataba.

Kosa la pili naliona kila mara kwa wanaoanza. Wakiona kitenzi cha Kihispania katika umbo tegemezi, lile linalofanana na -e yetu ya “aje” na “asome”, wanadhani lazima kuwe na shaka, basi wanachomeka “may”. “Cuando llegue el informe, lo revisaremos” inatoka “When the report may arrive”. Hakuna shaka yoyote pale. Umbo hilo limetumika kwa kuwa ripoti bado haijafika, basi. Kiingereza hutosheka na wakati uliopo: “When the report arrives, we will review it.”

Kiswahili kingesema “ripoti ikifika, tutaipitia”, na hapa sisi tuna mtego wetu wenyewe. Ile -ki- inafaa kwa kitu kinachongojewa na pia kwa kitu kisicho na uhakika. Kihispania hutenganisha “cuando llegue” na “si llega”, na Kiingereza nacho kina “when” na “if”. Mfasiri anayeipitisha sentensi kichwani kwa Kiswahili anaweza kuibuka na “if”, akapanda shaka ambayo mwandishi hakuwa nayo.

Sheria za Uhispania zina umbo tegemezi la zamani zaidi. Kifungu cha 138 cha kanuni ya adhabu huanza “El que matare a otro”. Usihangaike na “should happen to kill”. “Anyone who kills another” inatosha. Vivyo hivyo “si los hubiere” ni “if any” tu.

Kwenye mazungumzo, kipimo cha uwezekano huwa chembamba. “Quizá venga” naisikia kama “huenda akaja”, na “quizá vendrá” kama “labda atakuja”, msemaji akiwa ameinamia kidogo upande wa ndiyo. Kwa ya kwanza napenda “He might come”, kwa ya pili “Perhaps he’ll come”. “A lo mejor viene mañana” ina kitenzi cha wakati uliopo, lakini Kiingereza kinadai wakati ujao: “Maybe he’ll come tomorrow”. Na “seguramente lloverá” haina hakika hata kidogo. Ni “It will probably rain”.

Mahali ambapo Kiswahili hutubeba ni kwenye wakati ujao ambao si ujao. “Estará dormido” haisemi lolote kuhusu kesho. Ni “itakuwa amelala” yetu hasa, mtu anakisia jambo la sasa hivi: “He must be asleep”. Msomaji wa Kiswahili huinasa mara moja.

Kuna moja ambayo bado inanisumbua: “Llévate el paraguas, no vaya a ser que llueva.” Kwetu ni “chukua mwavuli, isije ikanyesha”, karibu neno kwa neno, na ile hofu ndogo ipo. “In case it rains” ni sahihi lakini imepoa. “Lest” ni ya vitabuni. Kama anayesema ni mama anamwambia mwanawe aliyeshika kitasa cha mlango, naacha muundo wote na kuandika “Take the umbrella, you don’t want to get caught in the rain.”