Picha za zamani za stesheni ya Moshi na ya Arusha: tunayoambiwa na yanayoonekana

Kila Desemba, watu wanaporudi Uchagani, picha za zamani za reli hujaa kwenye simu zetu. Nazipenda mno, na ndiyo sababu naumia zikisambazwa na maelezo yasiyo kweli. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi.

"Hii ni stesheni ya Arusha enzi za Mjerumani."

Haiwezekani. Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893 na wakafika Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352. Machi 1916, katikati ya vita, majeshi ya Waingereza yakauteka mji. Kipande cha Moshi hadi Arusha kilikamilishwa mwaka 1929, Mjerumani akiwa ameshaondoka zamani. Ukiona treni Arusha, basi picha hiyo ni ya enzi za Mwingereza au baada yake.

"Huu ni mji wa Moshi mwaka 1900."

Moshi ya wakati huo ilikuwa Old Moshi, kule juu kwenye migomba, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao. Mji tunaoujua leo ulikua chini, kandokando ya stesheni, na wao wenyewe waliuita Moshi Mpya. Picha yenye boma na mteremko mkali itafute huko juu.

"Injini imeandikwa Mount Kilimanjaro, kwa hiyo ilipigwa picha Moshi."

Jina la injini halisemi ilikofanyia kazi. Miaka ya 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza injini 34 kubwa za mvuke kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima yetu. Ilikuwepo Mount Kilimanjaro, ilikuwepo na Mount Meru. Kazi yake ilikuwa kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi.

"Kibo ina theluji nyingi, basi picha ni ya zamani sana."

Kibo ndiyo kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, na ni kweli kwamba barafu ya mlima huo imepungua vibaya: kati ya mwaka 1912 na 2011 asilimia 85 hivi ya eneo lake ilipotea. Lakini theluji mpya ikianguka usiku, asubuhi Kibo yote huwa nyeupe, hata mwaka huu. Usipime umri wa picha kwa weupe wa siku moja.

Mlima una kazi nyingine iliyo bora zaidi. Ukisimama Moshi ukautazama, Kibo iko kushoto na Mawenzi, kilele chake cha pili, kulia. Ukiona picha ya stesheni ya Moshi yenye Mawenzi kushoto, filamu iligeuzwa wakati wa kusafisha au kuskani. Kagua basi na maandishi ya vibao na namba za mabehewa. Herufi zilizo kinyume humaliza ubishi. Zisipokuwepo, angalia barabara, maana magari yetu hupita kushoto. Nimeona picha nzuri sana zikisambazwa hivyo kwa miaka, stesheni ikiwa imepinduka upande, na wazee wakibishana duka la nani lilikuwa wapi.

"Haina rangi, kwa hiyo ni ya mkoloni."

Studio zetu ziliendelea kupiga picha nyeusi na nyeupe miaka mingi baada ya uhuru. Kuza picha utazame namba za magari. Ikiwa ni T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu, hiyo ni ya juzijuzi tu, hata kama mtu ameifanya iwe ya kahawia.

"Huku hakuna majira ya baridi kali, huwezi kujua picha ni ya mwezi gani."

Hapa ndipo ninapopenda zaidi. Sisi tuko digrii tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana hubadili upande. Kuanzia Oktoba hadi karibu katikati ya Machi liko kusini yetu, na miezi iliyobaki liko kaskazini. Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi, kama Meru ilivyo kaskazini mwa Arusha. Kwa hiyo mlima ukiwa kwenye picha umeshapata dira. Tazama kivuli kifupi cha adhuhuri: kikielekea mlimani, picha ni ya miezi ya Oktoba hadi Machi, kikiupa mlima kisogo, ni ya katikati ya mwaka. Kivuli kirefu cha asubuhi au jioni kiache, kitakupoteza.

Nyumbani tuna picha ya babu amesimama kando ya behewa, mlima ukiwa nyuma yake. Shangazi alikuwa akisema ni ya miaka ya thelathini. Nilipoikuza, ubavuni mwa behewa nikasoma EAR&H, herufi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 na kugawanywa mwaka 1969. Rangi ya behewa huweza kubaki miaka kadhaa baada ya shirika kuvunjwa, kwa hiyo mwisho wake siuwekei mkazo; mwanzo hauna shaka. Nyuma ya picha mtu aliandika kwa penseli neno moja, "Noeli". Kivuli cha babu ni kifupi, na kinaelekea mlimani.