Je, wajua kwa nini kopo tupu ni pesa Oregon, na likivuka mto linakuwa taka?

Chukua kopo la soda au la bia lililouzwa Marekani, ulitazame kifuniko chake. Karibu na kile kidude cha kufungulia utaona herufi ndogo zimegandamizwa kwenye bati: OR, MI, CT, NY, ME, na kando yake senti 5 au senti 10. Kwa miaka mingi niliamini ni alama za viwanda, yaani kopo limejaziwa wapi. Nilimweleza hivyo mpwa wangu aliponiuliza, kwa uhakika wa mtu asiyetarajia swali la pili.

Nilikosea. Zile herufi ni vifupisho vya majina ya majimbo, na tarakimu ni pesa utakazorudishiwa ukipeleka kopo tupu. Majimbo hayo ni kumi tu kati ya 50. Huko Oregon unaponunua kinywaji unaongeza senti 10 juu ya bei, na ukirudisha kopo unapewa senti 10 zako. Ukivuka mto Snake kuingia Idaho, kopo lilelile halina thamani. Ukivuka mto Columbia kwenda kaskazini, jimbo la Washington, hali ni ileile.

Utaratibu wenyewe si mgeni kwetu. Aliyewahi kutumwa soda dukani kwa Mangi anajua swali la kwanza: "Una chupa?" Kama huna, unaacha hela ya chupa. Tofauti ni kwamba kwetu ile ni biashara, maana chupa ni mali ya kampuni na inarudi kiwandani kuoshwa na kujazwa tena. Kule ni sheria, na kopo haliendi kuoshwa bali kuyeyushwa.

Basi kwa nini majimbo yale kumi na si mengine? Hapa ndipo lilipo kosa langu la pili, na hili nililibeba muda mrefu zaidi.

Nilikuwa nikisimulia hivi: mwaka 1970, tarehe 22 Aprili, Wamarekani wapatao milioni 20 walishiriki Siku ya Dunia ya kwanza. Wanasiasa wakaona umati, wakaogopa, wakakaa bungeni wakapiga kura, sheria za mazingira zikaanza kumwagika. Ni hadithi tamu, ina mwanzo na mwisho, na kwa sheria kadhaa za serikali kuu ya Marekani ina ukweli ndani yake. Kwa sheria ya makopo haifai, kwa sababu tarehe zinakataa. Oregon lilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupitisha sheria ya namna hii, na mswada wake wa kwanza uliingia katika bunge la jimbo mwaka 1969, mwaka mzima kabla ya ule umati. Simu iliyouzaa ilipigwa mwaka 1968.

Aliyepiga simu aliitwa Richard Chambers. Hakuwa mwanasheria, hakuwa mwanasayansi, hakuwa na chama. Alikuwa muuzaji wa mitambo ya kukatia magogo, jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka, kwani si mtu ambaye ungemtarajia kwenye orodha ya watetezi wa mazingira. Alipenda kutembea kwa miguu ufukweni mwa Pasifiki, karibu na kijiji cha Pacific City, na kila akitembea aliokota chupa na makopo ya watu. Mwaka ule akasoma gazetini kwamba jirani zao wa Kanada, jimbo la British Columbia, wanafikiria kuzipiga vita chupa zisizorudishwa. Akampigia mbunge wa upande ule wa pwani, Paul Hanneman, akamuuliza kwa nini Oregon isifanye hivyo.

Hapa niseme neno kuhusu "jimbo", maana Mtanzania akisikia mbunge wa jimbo anafikiria jimbo la uchaguzi. Jimbo la Marekani ni kitu kingine kabisa: lina katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Bunge la Oregon hukutana mji wa Salem, lina wawakilishi 60 na maseneta 30. Mwaka 1970 Oregon nzima ilikuwa na watu milioni 2 na ushei. Ukigawanya, kila mwakilishi alikuwa na watu kama 35,000. Mbunge wa watu 35,000 anaweza kukujua kwa sura na kukusalimia dukani. Ndiyo maana simu ya muuza mitambo ilipokelewa.

Mbunge akauwasilisha mswada. Ukafia kamatini.

Na hapa inabidi tupunguze mwendo, kwa sababu neno "kamati" ndilo lililokosekana katika hadithi yangu, nami nadhani ndilo linalokosekana katika hadithi za wengi. Tunaotazama bunge kwenye televisheni tunaona ukumbi mkubwa, spika, "wanaoafiki waseme ndiyo". Tunadhani hapo ndipo mambo yanapoamuliwa. Lakini kutazama ukumbi ni kutazama sufuria. Wali hauamuliwi mle sufuriani. Umeshaamuliwa uani asubuhi, kwenye ungo, mtu akipepeta. Kinachofika jikoni ni kile ambacho ungo umekiacha.

Kamati ndiyo ungo. Mswada ukiwasilishwa hupelekwa kwenye kamati ya watu wachache. Tuseme ni tisa. Basi kura tano zinatosha kuuvusha au kuuzuia, wakati ukumbini zingehitajika 31. Tena mara nyingi hata hizo tano hazihitajiki. Mwenyekiti wa kamati ndiye anayepanga ratiba, na mwenyekiti asiyeutaka mswada hana haja ya kuukataa. Anachohitaji ni kutoupangia siku. Hakuna hotuba, hakuna kura, hakuna mwandishi wa habari. Pumba zikianguka hazina kishindo. Na ungo hautupi pumba peke yake: upepo ukiwa mkali, au mkono ukiwa na nia yake, mchele mzuri nao unakwenda.

Sasa ule umati niliokuwa nausimulia, mara nyingi huwa umesimama mbele ya sufuria. Watu elfu tano nje ya jengo siku ya kura kubwa ni picha nzuri, ila kama mswada ulikwama kamatini wiki tatu zilizopita, hakuna kura kubwa ya kusubiri. Ndiyo maana watetezi wa mazingira wenye uzoefu katika mabunge ya majimbo wanaishi kwa ratiba za kamati. Wanaijua siku ya kikao cha kusikiliza maoni, wanamjua mwenyekiti, wanajua ni wajumbe gani wawili bado wanasitasita na wanatoka wilaya gani. Kisha wanatafuta mkazi wa wilaya hizo aje aseme. Mwananchi hupewa dakika mbili au tatu hivi. Anataja jina, anataja anakoishi, anasema lake, anashukuru, anaondoka. Ukikitazama kikao cha namna hiyo utadhani hakuna kitu kinachotokea, na mara nyingine ni kweli hakuna. Lakini ni sehemu chache mno ambapo mtu mmoja asiye na cheo anasema na watu tisa ambao watano kati yao wanatosha.

Mfano wangu wa ungo una kasoro moja. Pumba zikipeperushwa hazirudi, ila mswada unarudi. Kikao cha bunge kinapofungwa, miswada yote iliyokwama hufa, lakini kikao kipya kikianza yeyote kati ya wabunge anaweza kuuleta tena, kwa namba mpya, kama vile haukuwahi kuzikwa. Siku zile bunge la Oregon lilikutana mwaka mmoja na kuruka mmoja, kwa hiyo aliyeshindwa 1969 alingoja hadi 1971. Chambers aliitumia miaka ile miwili kuandika barua.

Mwaka 1971 mswada ukarudi ukiwa na namba 1036. Safari hii gavana Tom McCall, mwanahabari wa zamani ambaye mara ya kwanza hakuuunga mkono, aliufanya wake. Washawishi wa kampuni za makopo, chupa na bia walimiminika Salem kuupinga. Ukapita. Gavana akautia saini mwezi Julai 1971, ukaanza kazi tarehe 1 Oktoba 1972. Kila chupa au kopo la bia na soda likawa na senti 5, isipokuwa chupa za muundo wa pamoja ambazo kiwanda chochote kingeweza kuzitumia tena: hizo zilikuwa senti 2. Sheria hiyohiyo ilipiga marufuku makopo ya vifuniko vya kuvuta na kutupa, vile vilivyokuwa vikichana nyayo za watu ufukweni. Wenye viwanda walikwenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1973.

Je, nini hasa kiligeuza mambo kati ya 1969 na 1971? Hapa lazima niwe mwangalifu, maana nimeshawahi kusimulia kwa uhakika mara moja nikaumbuka. Barua zilikuwepo. Gavana alikuwepo. Siku ya Dunia nayo ilikuja katikati, kwa hiyo umati wangu haukuwa bure kabisa, ila ulikuta kazi imeshaanza. Na mwezi Novemba 1970 majirani wa jimbo la Washington waliupigia kura ya wananchi wote mpango unaofanana, ukakosa kupita kwa tofauti ndogo, na bila shaka wabunge wa Salem waliyasoma matokeo hayo. Kupima kipi kilivuta zaidi ni kama kuuliza ni mpiga kasia yupi aliyefikisha mtumbwi.

Kuhusu matokeo ya sheria tuna tarakimu. Serikali ya jimbo husema kwamba mwaka 1971 vyombo vya vinywaji vilikuwa asilimia 40 hivi ya taka za kando ya barabara, na kufikia 1979 vilikuwa asilimia 6. Ni hesabu ya barabarani, si ya taka zote, na asilimia hupanda au kushuka pia kutegemea taka nyingine. Hata hivyo, anguko la namna hiyo ni vigumu kulieleza kwa bahati.

Oregon haikuwa ya kwanza kujaribu. Jimbo la Vermont lilipiga marufuku chupa za bia zisizorudishwa mwaka 1953, baada ya wakulima kulalamika kwamba chupa zinavunjikia kwenye nyasi za kulishia ng'ombe. Sheria ile ilikuwa na tarehe ya mwisho. Mwaka 1957 ikaachwa ikaisha yenyewe: ungo tena, safari hii kwa upande wa pili.

Mahali ungo ulipokataa kabisa, wengine walizunguka nyuma ya nyumba. Michigan wananchi walikusanya saini, suala likapelekwa kwenye kura ya wote mwaka 1976, likapita, na ndiyo maana MI imekuwa na senti 10 tangu mwanzo. Maine nao walilipigia kura mwaka huohuo. Lakini si majimbo yote yanaruhusu wananchi kuleta sheria kwa saini, na hata yanayoruhusu, Washington walishindwa 1970, wakashindwa tena 1979 na 1982. Katika bunge la kitaifa, seneta Mark Hatfield wa Oregon alileta mara kadhaa mswada wa nchi nzima. Haukupita. Matokeo yake ni ramani ya viraka, na viraka hivyo ndivyo vinavyogandamizwa kwenye kifuniko.

Kwetu njia imekuwa nyingine. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Kenya, iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, ilitoka kwa tangazo la waziri katika gazeti la serikali, na ile ya Tanzania ya tarehe 1 Juni 2019 ilitoka kwa kanuni. Aliyetaka kushawishi alipaswa kuijua wizara kabla ya kamati.

Turudi kwenye senti. Senti 5 za Oregon zilikaa bila kuguswa kwa miaka 44 na zaidi. Kwa bei za mwaka 2017, senti 5 za mwaka 1971 zingekuwa kama senti 30, kwa hiyo kila mwaka uliopita sheria ilizidi kuwa nyepesi bila mtu kuibadilisha hata herufi. Watu wakaanza kutupa. Hapo wabunge walifanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote katika habari hii. Mwaka 2011 waliandika kwamba kiwango cha kurudisha kikishuka chini ya asilimia 80 kwa miaka miwili mfululizo, senti 5 zitageuka 10 zenyewe. Hakuna mswada mpya, hakuna kamati. Mtego ukategwa, watu wakaendelea na shughuli zao. Mwaka 2014 kiwango kilikuwa asilimia 68, na 2015 asilimia 64. Mtego ukafyatuka, na tarehe 1 Aprili 2017 bei ikapanda, siku ambayo yeyote angeruhusiwa kudhani ni mzaha. Kiwango kikarudi juu ya asilimia 80.

Pesa za makopo yasiyorudishwa, kama unajiuliza, Oregon hubaki kwa wasambazaji wa vinywaji. Michigan robo tatu huenda serikalini.

Kopo langu bado liko dirishani, nimelifanya la kuwekea kalamu. Salem ni senti 10. Hapa mtaani, kijana anayepita na kiroba akinunua makopo angelipima kwa kilo pamoja na mengine, na hizo herufi asingezisoma.