Kukata na kumalizia: maana yake nini kwenye polishi na pedi za rangi ya gari

Nenda duka lolote la spea useme unataka polishi ya gari, utaulizwa tu ya bei gani, halafu unapewa kopo. Shida inaanzia hapohapo, maana polishi peke yake haina ukali mmoja. Dawa ileile ukiipaka kwenye pedi ya manyoya na rotari (mashine inayozunguka tu) inakula rangi kwelikweli, ukiipaka kwenye sponji laini na mashine ya DA (inayozunguka huku inayumba) inang'arisha tu, na ni chupa moja hiyohiyo. Kwa hiyo ukisikia wanaofanya hizi kazi wanasema "hii inakata" au "hii ya kumalizia", wanaongelea dawa, pedi na mashine vikiwa pamoja, juu ya rangi ya gari fulani.

Tuanze na rangi yenyewe, na hapa nasema rangi ya kiwanda, ile gari ilizaliwa nayo. Juu ya bati kuna koti la kuzuia kutu, bodi nzima inazamishwa kwenye tangi na kupitishwa umeme ili lishike kila kona, halafu praima, halafu rangi unayoiona, halafu klia juu kabisa, lile koti lisilo na rangi linaloonyesha kilicho chini yake. Vyote hivyo kwa pamoja kwa magari mengi ni kama maikroni 100 mpaka 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja), ya Kijapani mengi yanakuwa chini zaidi, na klia peke yake ni kama 35 mpaka 50. Unywele wa mtu una kama 70. Yaani chote unachokichezea na mashine ni chembamba kuliko unywele.

Sasa ile mikwaruzo ya duaraduara inayoonekana gari ikiwa juani, hasa gari jeusi, iko ndani ya hiyo klia. Kukata maana yake ni kuishusha klia yote ya jirani mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo. Mkwaruzo haujazwi, klia ndo imepungua, na ikishapungua hairudi mpaka upige upya. Ndo maana ukipitisha kucha na ikanasa kwenye mkwaruzo, achana nao, hapo ukitaka uishe kabisa utamaliza klia kabla haujaufikia mwisho. Punguza makali yake tu, uonekane kwa shida.

Kumalizia ni hatua ya pili. Dawa ya kukata nayo ni chembe zinazokwaruza, nyingi ni alumini oksaidi, kwa hiyo ikimaliza kuondoa mikwaruzo mikubwa inaacha yake midogo midogo, rangi inakuwa na ukungu fulani hivi. Dawa ya kumalizia ina chembe ndogo zaidi, inaondoa ule ukungu na kuacha kioo.

Kwenye dawa kuna kitu watu hawaelezwi. Kuna zenye chembe zinazovunjika kadri unavyosugua, zinaanza kali zinaisha laini, hizo ukiacha mapema zinakuachia ukungu kwa sababu hazijamaliza kuvunjika. Na kuna zenye chembe ndogo tangu mwanzo ambazo hazivunjiki, kama Meguiar's M105, zenyewe zinakata muda wote mpaka zikauke, ukali wake unaupunguza kwa pedi na mkono. Ukitumia moja kwa kanuni ya nyingine utalaumu dawa bure. Na namba za kwenye chupa usizilinganishe kati ya kampuni na kampuni, Menzerna 400 ni ya kukata sana na 3800 ni ya kumalizia, lakini hiyo ni hesabu ya Menzerna wenyewe, 105 ya Meguiar's haina undugu nayo.

Halafu kuna rabingi ya kopo, ile dawa nzito ya kusugulia rangi ambayo kila fundi anayo. Sio kwamba zote mbaya, ila nyingi ni kali na zina mafuta mengi, na mafuta yanaingia kwenye mikwaruzo yanaificha. Gari linatoka gereji linawaka, mwenye gari anafurahi analipa, likioshwa mara mbili tatu na sabuni ya unga mikwaruzo yote inarudi pamoja na mipya ya mashine, ile mistari inayocheza na mwanga tunaiita hologramu. Ukitaka kujua ukweli, kabla ya kulipa chukua spiriti iliyochanganywa na maji, futa sehemu moja taratibu na kitambaa cha maikrofaiba, halafu mulika na tochi ya simu. Ukiona bado safi, basi kazi imefanyika.

Pedi sasa, na kwangu hapa ndo penye uamuzi mkubwa kuliko chupa. Manyoya yanakata kwa kasi na hayapandishi joto sana, ila yanaacha alama. Maikrofaiba kwenye DA inakata vizuri sana kwa mtu asiye na rotari, nayo inaacha ukungu kwenye rangi laini. Sponji liko la kila aina, gumu la kukata, la kati, na laini la kumalizia. Mtego uko kwenye rangi za sponji, watu wanadhani zina kanuni kumbe kila kampuni na zake. Njano ya Lake Country ni ya kukata, njano ya Rupes ni laini, huko ya kukata ni bluu. Kwa hiyo ukiambiwa na jamaa "tumia pedi ya njano", muulize ya nani. Dukani liminye sponji kwa vidole, usome na pakiti.

Mashine nitapita haraka. Rotari inazunguka tu mahali pamoja, inakata haraka, inapandisha joto, na kwenye kona na ncha za bodi, ambapo klia huwa nyembamba zaidi, inaunguza rangi kabla haujasema lolote. DA inazunguka huku inayumba, ukiikandamiza sana pedi inagoma kuzunguka, kwa hiyo kuharibu nayo ni kazi. Kama unajifunza, au gari ni lako na hauna haraka, chukua DA.

Kitu cha nne ni ugumu wa rangi, na huu hausomeki kwenye pakiti yoyote. Magari mengi ya Kijapani tunayoendesha huku yana klia laini, na Toyota nyeusi ya kodi 202 inajulikana na kila anayepiga polishi, ukiifuta na kitambaa kibaya tu imechora. Mercedes wao mwishoni mwa 2003 walianza kutumia klia yenye chembe za kauri, ngumu haswa, na Wajerumani wengi kwa ujumla wako upande huo. Watu wanadhani rangi laini ndo rahisi. Kukata ndiyo rahisi, kumalizia ndo utajuta, kwa sababu kila unachogusisha kinaacha alama. Ile ngumu ni kinyume, utasugua mpaka mkono ufe ganzi ila ikikubali imekubali, kumalizia dakika chache.

Ndo maana hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa simu ununue nini akapatia moja kwa moja. Unajaribu. Osha gari, pitisha klei (kidonge laini kama udongo wa kufinyanga) kutoa uchafu ulioganda, sogeza kivulini boneti lipoe (kwa jua la Dar au Mombasa dawa inakauka kabla haujafika nusu), halafu zungushia tepu eneo la kama sentimita 50 kwa 50. Anza na kilicho dhaifu kabisa, dawa ya kumalizia na sponji la kati, matone manne, mwendo wa polepole, pita mara nne tano, futa na spiriti, angalia kwa tochi. Imetosha? Basi gari zima ni hivyohivyo, usiongeze kitu. Haijatosha, badilisha pedi kwanza iwe ngumu zaidi, dawa ibaki ileile, na ikishindikana hapo ndo unachukua ya kukata. Wengi wanaanza na kompaundi, yaani dawa ya kukata, kwa sababu wanaogopa kurudia, wanatoa klia ambayo haikuwa na sababu ya kutoka.

Angalia pia pedi inakuwa na rangi gani. Gari lenye klia linaacha ukungu mweupe tu wa dawa, sasa ukiona pedi imekuwa nyekundu au bluu kama gari, simama, klia imeisha hapo. Isipokuwa kwa rangi zisizo na klia, kama nyeupe ya Toyota kodi 040 kwenye magari mengi, pale pedi kushika rangi ya gari ni kawaida.

Na hakikisha kweli ni rangi ya kiwanda. Kama gari lilitoka mnadani Japani na karatasi yake unayo, tafuta W kwenye mchoro wa bodi, hiyo mara nyingi ni sehemu iliyonyooshwa na kurudiwa rangi, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Sehemu hizo zinaweza kuwa na ugumu tofauti kabisa na mlango wa jirani, fanya jaribio lake peke yake.

Kwenye hela, mimi ningenunua chupa mbili tu, ya kukata moja na ya kumalizia moja za kampuni moja, kilichobaki chote kiende kwenye pedi, tano sita kwa gari moja sio nyingi. Pedi inajaa vumbi la klia na dawa iliyokauka, ikishajaa haikati tena, inapasha joto na kukwaruza. Isugue na brashi kila ukimaliza sehemu moja, ikilowa sana chukua nyingine, na usiku zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini uzianike kivulini.