Kuendesha klabu ya kujitolea kwa simu Nyanda za Juu Kusini: zamu, damu na fomu za mkopo

Muuguzi wa Tukuyu anayetoka zamu ya usiku, mwalimu wa Makete ambaye mtandao wake hukaa vizuri jioni tu, karani wa mbao Mafinga na mwanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) hawawezi kukaa chumba kimoja kila Jumatano saa 7 mchana. Wote wanne wanataka kujitolea, na kila mmoja ana saa moja au mbili kwa wiki. Klabu ya mtandaoni inawafaa sana, kwa sharti moja: mwanachama awe huru kuchagua saa, lakini kazi yenyewe iwe na mipaka iliyoandikwa. Klabu nyingi hufanya kinyume chake. Hupanga saa kamili ya kikao, halafu kazi huachwa ielee: “tusaidie wanafunzi”, “tuhamasishe damu”. Baada ya miezi mitatu kundi limejaa salamu za asubuhi na hakuna aliyesaidiwa.

Rotary, mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea ulioanzishwa Chicago mwaka 1905 na uliojulikana kwa vikao vya kila wiki, mwaka 2016 ulizipa klabu zake uhuru mpana zaidi wa kuamua zikutane lini na kwa njia gani, mtandaoni ikiwemo. Kwa hiyo klabu ya simu si klabu ya daraja la pili. Ila waliozoea vikao vya ana kwa ana huja na daftari la mahudhurio na kulihamishia WhatsApp: nani ameandika “nipo”, nani yuko kimya. Nashauri daftari hilo liachwe. Hesabu kazi zilizokamilika, basi.

Kazi ikatwe vipande

Kila kazi iandikwe kwenye jedwali la mtandaoni, mstari mmoja kwa zamu moja. Mstari huo ubebe mambo matano: kitu gani kifanyike, kwa ajili ya nani, kiishe lini, kitachukua dakika ngapi, na nani atathibitisha kuwa kimeisha. “Piga simu kwa wachangia damu 6 wa orodha B, kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, dakika 40, thibitisha kwa mratibu wa wiki” ni zamu. “Fuatilia wachangia damu” ni matumaini tu.

Ukubwa unaofaa ni dakika 30 hadi 90. Zamu ya saa tano haichukuliwi na mtu mwenye ajira, na ya dakika tano humfanya ajione anatumwa dukani. Mwanachama huandika jina lake mwenyewe kwenye mstari; mratibu asimwandikie mtu. Zamu isiyo na jina saa 48 kabla ya mwisho wake inakuwa ya mratibu wa wiki, ambaye hutafuta mtu kwa simu ya moja kwa moja. Kundini asiulize. Ukiuliza watu 60 “nani yuko tayari?”, kila mmoja atadhani mwenzake ameshajibu. Mpigie mmoja kwa jina lake.

Uratibu wa wiki uzunguke kati ya watu wanne au watano. Hapa ndipo klabu nyingi hufia: mtu mmoja mwenye bidii anaratibu kila wiki, anachoka, anaoa au anahamishiwa Tunduma, na klabu inaondoka naye.

Wachangia damu

Hii ndiyo huduma ninayoipendekeza kwanza kwa klabu ya kanda hii, kwa sababu sehemu kubwa yake ni simu na kalenda. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha kanda Mbeya. Klabu ya Iringa au Njombe ianze kwa kuzungumza na maabara ya hospitali ya rufaa ya mkoa wake. Nenda kwao kabla ya kuandika jina la mchangiaji hata mmoja, uwaulize wanahitaji watu siku gani na wangapi.

Wanafunzi wa sekondari ni nguzo kubwa ya uchangiaji wa hiari nchini, kwa hiyo shule zikifungwa, Juni na Desemba, akiba hushuka. Mvua nazo zinaanza Novemba, na maeneo ya joto kama Kyela hupata malaria zaidi, ugonjwa unaowamaliza damu watoto wadogo. Klabu ya watu wazima ilenge hasa miezi hiyo ya likizo.

Usiwapeleke wote siku moja kwa ajili ya picha. Chupa ya kawaida ni mililita 450, na damu nzima iliyowekwa kwenye mfuko wenye CPDA-1, dawa ya kuzuia isigande, hudumu siku 35 tu kwenye jokofu. Watu 40 wakichangia Jumamosi moja, wiki ya sita hospitali inarudi kuomba. Mwanaume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Ukiwa na wanaume 24 na wanawake 16, gawa wanaume makundi matatu ya watu 8 na wanawake makundi manne ya watu 4. Hapo unapata watu 12 kila mwezi, mwaka mzima, bila kampeni yoyote. Wachache watakosa kwa safari au mafua, kwa hiyo usimwahidi mtu wa maabara 12, mwahidi 8.

Simu ya kumkumbusha ipigwe siku tatu kabla, na ujumbe mfupi uende jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mwanafunzi anayempigia mwalimu mstaafu aanze na shikamoo na atulie ajibiwe, ndipo aseme shida. Kwa mtu wa Kilolo “kamwene” hufungua mazungumzo haraka kuliko jina la klabu. Ujumbe uwe mfupi:

“Habari za jioni, dada. Kesho Jumamosi saa 3 asubuhi ni zamu yako ya kuchangia damu. Lala vizuri, kula chakula asubuhi, kunywa maji ya kutosha, njoo na kitambulisho. Ukiwa na homa, unatumia dawa, una ujauzito au unanyonyesha, tuambie tu ‘naahirisha’, sababu si lazima.”

Neno “naahirisha” linamlinda mchangiaji, nami nalisisitiza kuliko kitu kingine chochote katika ukurasa huu. Damu hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Jedwali lenu likiwa na safu ya “amekubaliwa / amekataliwa”, au kundi likipongeza majina ya waliochangia kila mwezi, siku jina moja likikosekana watu wataanza kubashiri. Weka safu mbili tu: “amekumbushwa” na “tarehe ya kumkumbusha tena”. Anayeahirisha mara tatu usimhoji. Mpe zamu ya kupiga simu. Na picha ya mgonjwa aliyelala wodini, pamoja na jina na namba ya kitanda, isipite kwenye kundi lenu hata kama ndugu ndiye aliyeituma.

Fomu za mkopo wa elimu ya juu

Dirisha la Bodi ya Mikopo hufunguliwa katikati ya mwaka, na kijana wa Ludewa au Chunya huwa hakosi sifa. Anakwamishwa na karatasi. Wanachama waliomaliza chuo wanaweza kumshika mkono kwa simu. Msaidizi mmoja achukue waombaji watatu, asizidishe.

Simu ya kwanza, dakika 30, ni ya ukaguzi wa nyaraka: namba ya mtihani wa kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), cheti cha kifo cha mzazi kwa yatima, kitambulisho cha mdhamini, na namba ya kaya kama familia ni wanufaika wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Tatizo kubwa kuliko yote ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vingine, na hapo huenda ikahitajika hati ya kisheria ya kurekebisha jina, ambayo haipatikani kwa siku moja. Ndiyo maana ukaguzi huu ufanyike mapema, kabla dirisha halijafunguliwa.

Simu ya pili ni ya kujaza. Mwombaji ajaze mwenyewe kwenye simu yake au kwenye duka la fotokopi, msaidizi akisikiliza na kuelekeza. Nywila asiitaje, msaidizi asiiombe. Ya tatu hufanyika baada ya fomu kuchapwa, kusainiwa na serikali ya kijiji au mtaa pamoja na kamishna wa viapo, kisha kupakiwa. Msaidizi aombe picha ya kila ukurasa uliopakiwa na aisome kwa kukuza. Muhuri uliofifia, ukurasa uliokatwa pembeni na saini ya mdhamini iliyosahaulika ndivyo vinavyorudisha maombi. Wiki ya mwisho ya dirisha mfumo huelemewa. Tarehe yenu ya ndani iwe siku 14 kabla ya ile ya serikali.

Msaidizi asikae na faili la vyeti vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, klabu ndogo nayo haijaachwa nje. Kazi ikiisha, picha zifutwe. Mwombaji akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ajue, na mazungumzo yawe ya watu watatu, kamwe yasiwe ya mtu mzima mmoja na mtoto pembeni.

Kundi, kikao na fedha

Fungua makundi mawili. La matangazo, ambalo admini pekee huandika, na la kazi. Mwenye bando la siku akifungua simu saa 3 usiku akakuta ujumbe 140, atapitiwa na zamu yake mwenyewe. Habari za kusambazwa, siasa na biashara zisikae popote kati ya hayo mawili, na katiba iseme hivyo waziwazi.

Kikao cha mwezi kiwe cha sauti tupu, dakika 40, ambazo pia ndizo kikomo cha Zoom ya bure. Video inakula bando mara nyingi zaidi ya sauti na huko vijijini hukatika. Ajenda itoke siku mbili kabla. Uamuzi usifanyike kikaoni. Hoja ielezwe pale, kisha kura ifunguliwe kundini kwa saa 48, na akidi ihesabiwe kwa kura. Umeme ukikatika Rungwe, mwanachama hapotezi sauti yake.

Fedha zisikae kwenye laini binafsi ya mweka hazina, hata awe mwaminifu kiasi gani. Tumia huduma ya kikundi kama M-Koba, au akaunti ya benki yenye watia saini wawili. Taarifa ya mapato na matumizi itoke kila tarehe 5, na makato ya kutuma na kutoa yaandikwe kwenye mstari wake, maana ndiyo huzua maswali. Matumizi ya kwanza kabisa yawe vocha za wapiga simu. Mtu anatoa muda wake. Asilipie na dakika.

Usajili: kikundi cha halmashauri moja huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na katiba, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao cha kuanzisha. Mkivuka wilaya na mikoa, ulizeni mapema kama njia yenu ni Msajili wa NGOs au Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wakati mnasubiri, msichangishe umma.

Kalenda ifuate shamba. Novemba hadi Januari watu wanalima na kupanda, kwa hiyo punguza zamu za Jumamosi asubuhi, ongeza za usiku. Mwanachama asiyechukua zamu kwa siku 90 apigiwe simu, aulizwe kama apumzike mpaka baada ya mavuno. Jina lake libaki.

Makundi yote yawe na admini watatu, wasiotoka familia moja wala ofisi moja. Laini ya klabu kwa kawaida itakuwa imesajiliwa kwa alama ya kidole ya mtu fulani, kwa hiyo andikeni ni ya nani na atairudishaje akiondoka. Siku ya kukabidhi uongozi, jedwali, barua pepe na laini vihamie kwa katibu mpya katika simu moja ya watu watatu, na nywila zibadilishwe kabla simu hiyo haijakatwa.