Je, wajua jani moja la mwarobaini ni lipi?

Mwombe mtu akuchumie jani moja la mwarobaini, na yamkini atakuletea kipande chembamba chenye meno kama ya msumeno. Hicho si jani, ni sehemu tu ya jani. Ushahidi uko kwapani: pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi huwa pana kichipukizi kinachoweza kuwa tawi jipya au ua, ilhali kwenye vikonyo vya vile vipande vidogo hakuna kitu. Jani kamili, basi, ni uti wote, yaani kile kijiti cha katikati, pamoja na vipande vyake.

Hilo ndilo swali la kwanza la kuutambua mti, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu anayelikosea hukosea yanayofuata. Jani la mwembe ni kipande kimoja. La mkwaju lina vipande vilivyopangwa pande mbili za uti kama unyoya, na la mbuyu hutandaza vipande vyake kutoka sehemu moja mithili ya vidole, jambo linalotajwa hata katika jina lake la kisayansi, Adansonia digitata. Hata hivyo, mche mchanga wa mbuyu huwa na majani ya kipande kimoja, kwa hiyo ni rahisi kuupita bila kuutambua.

Baada ya hapo tazama mpangilio wa majani tawini. Ya mpera, mkarafuu na mzambarau huelekeana mawili mawili, na ukiliinua jani kwenye mwanga utaona vitone vidogo vya mafuta. Miti hii mitatu ni ya familia moja. Mchungwa nao una vitone vya namna hiyo, lakini majani yake hupishana, nao ni wa familia nyingine. Dalili moja haitoshi.

Kutambua mti, hata hivyo, si sawa na kuupanga katika ukoo wake. Mkwaju na mwarobaini hufanana kwa mtindo wa majani, ila si ndugu wa karibu. Wataalamu wa mimea hutegemea zaidi maua na matunda, na siku hizi vinasaba pia. Ganda la ukwaju, lenye mbegu zilizojipanga ndani, ndilo linaloonyesha kwamba mti huo mkubwa ni wa familia moja na kunde, mmea mfupi ambao jani lake lina vipande vitatu tu.