Maana ya sanaa mseto ya karatasi

Sanaa mseto ya karatasi ni kazi ya mkono inayojengwa juu ya karatasi kwa vitu vya asili tofauti: rangi, wino wa muhuri, vipande vya karatasi nyingine, uzi, kitambaa, hata mchanga. Vitu hivyo huwekwa tabaka juu ya tabaka mpaka vitoe picha moja. Kadi ya kutengeneza kwa mkono ndiyo mlango mwepesi wa kuingilia sanaa hii. Ni ndogo, haidai turubai wala fremu, na ikikamilika tayari ina mtu wa kupewa.

Maana hiyo ni sahihi, ila haijatosheleza. Hapa Tanga utaona kadi zimebandikwa shanga, utepe, ua la plastiki na unga wa kumetameta, zikaitwa sanaa mseto kwa sababu tu vitu ni vingi. Mimi napima kwa njia nyingine. Ondoa kitu kimoja kwa mawazo, kisha utazame kilichobaki. Kadi ikiwa bado inasema lilelile, ulichoondoa kilikuwa pambo. Ikipungukiwa maana, hicho kilikuwa sehemu ya mseto.

Tuseme unamtengenezea kadi kijana aliyehitimu masomo mbali na nyumbani. Chini kabisa umepaka buluu kwa brashi pana. Juu ya buluu umebandika kipande cha ramani kutoka kitabu cha jiografia kilichochakaa. Juu ya ramani umegonga muhuri wa baiskeli mara tatu, wa kwanza umekolea, wa pili hafifu, wa tatu hafifu zaidi. Kisha umeshona singa moja ya mkonge kutoka ukingo hadi ukingo, iwe barabara. Ukiing'oa ile singa, baiskeli zinaelea hewani. Ukiitoa ramani, safari haijulikani ni ya wapi. Mihuri mitatu ikibaki mmoja, hakuna mwendo. Kila kitu pale kina kazi, na Mtanga yeyote ataisoma kadi hiyo bila kuelezwa.

Watu wengi huichanganya na kolaji, ile tuliyofundishwa shuleni ya kukata magazeti na kubandika. Kolaji ni ndugu wa karibu, na ndiyo iliyotangulia kupata heshima katika sanaa ya kisasa. Mwaka 1912 mchoraji Pablo Picasso alibandika kwenye picha yake kipande cha kitambaa cha mezani kilichopakwa mafuta na kuchapwa sura ya kiti cha kusukwa, akapaka rangi ya mafuta, kisha akaizungushia picha kamba halisi mahali pa fremu. Mwaka huohuo mwenzake Georges Braque alikuwa akibandika karatasi za ukutani kwenye michoro yake. Kolaji inasimama kwenye kubandika. Mseto unakubali kubandika, kupaka, kugonga muhuri, kushona, kukwaruza na kuchoma ukingo, vyote katika kazi moja. Ile kamba ya Picasso inanigusa kwa namna ya pekee, maana sisi tunaishi katika mkoa wa mkonge. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuingiza nchini mwaka 1893, na katika miche aliyoagiza ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Leo singa ziko karibu nasi kuliko riboni yoyote ya dukani, na wachache wetu wanaziona kuwa kifaa cha msanii.

Karatasi yenyewe ina maneno yake. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo hujikunja mara tu ikiguswa na brashi iliyolowa. Kwa kadi tafuta ya gramu 200 hadi 300. Manila ya steshenari inafaa kwa mwanzo, mradi uchague iliyo nene. Nyuzi za karatasi ya kiwandani hulala zaidi upande mmoja. Ipinde kidogo kwa upole bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopindika kwa wepesi ndio unaofuata nyuzi, na mkunjo wa kadi uende huohuo. Ukikunja kinyume, manila nene hupasuka mgongoni. Kabla ya kukunja, pitisha ncha ya kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, kunja, kisha kandamiza kwa mgongo wa kijiko.

Siri ya tabaka ni maji. Rangi za maji zile za vidonge hushikiliwa na utomvu wa mti, kwa hiyo zikikauka bado zinaweza kuyeyuka tena. Akriliki hushikiliwa na plastiki. Ikiwa mbichi huoshwa kwa maji, ikishakauka haitoki. Ukipaka rangi ya vidonge kwanza, kisha akriliki iliyolowa juu yake, ya chini itaamka na kuchafua ya juu. Ukianza na akriliki ikakauka vizuri, unaweza kupaka juu yake bila kuharibu, na usipoipenda unafuta kwa kitambaa chenye unyevu. Wino nao una aina mbili. Ule wa padi ya ofisini mara nyingi ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya majimaji. Hunywewa na karatasi, husambaa ukilowa, na jua huufifisha. Wino wa chembe, wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, hukaa juu ya karatasi na hudumu zaidi kwenye mwanga, ila huchelewa kukauka. Mtu anayegonga mhuri kwanza na kupaka rangi baadaye lazima ajue ameshika wino upi.

Kuna wakati unataka maji yakatae. Chora kwa mshumaa mweupe kwenye manila, kisha pitisha rangi ya maji juu yake. Mahali penye nta panabaki peupe. Ni kanuni ileile ya batiki, na mtoto wa darasa la pili anaifurahia kama mtu mzima.

Asiye na bidhaa za msanii asikate tamaa. Rangi nyeupe ya maji ya ukutani, ikipakwa nyembamba, hufanya kazi ya kuandaa uso wa karatasi ili usinywe rangi ovyo. Gundi nyeupe ya mafundi seremala, ikipunguzwa kwa maji kidogo, hubandika karatasi vizuri na hukauka bila kuonekana.

Sasa mhuri, ambao kwangu ndio moyo wa kadi. Mihuri ya raba iliwezekana baada ya Charles Goodyear kupata njia ya kuiimarisha raba kwa salfa na joto, njia aliyoipatia hataza Marekani mwaka 1844. Kabla ya hapo raba ililainika kwenye joto na kukakamaa kwenye baridi. Lakini msanii wa kadi hahitaji kumngoja fundi wa mihuri. Soli ya kandambili iliyochakaa inachongeka kwa wembe na inadumu kwa mamia ya kadi. Raba ya kufutia penseli inatosha kwa umbo dogo kama jani au mwezi. Kiazi mviringo kikikatwa katikati hutoa mhuri mzuri, ila kwa siku hiyo tu, maana hupoteza maji na umbo linasinyaa. Bamia likikatwa kwa upana halihitaji kuchongwa hata kidogo: linatoa nyota ya pembe tano na vijumba vya mbegu ndani yake. Shina la mgomba likikatwa hivyohivyo linatoa wavu wa vyumba ambao mkono wa binadamu hauwezi kuuchora.

Mhuri hutoa picha iliyogeuzwa, kushoto kuwa kulia. Kwa baiskeli haidhuru sana. Kwa maandishi kama IDI MUBARAKA lazima herufi zichongwe kinyume, na neno lianzie kulia. Andika kwanza kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya soli, sugua mgongoni, na maandishi yatahamia yakiwa yamekwisha kugeuka. Ukitumia rangi badala ya wino, usichovye mhuri ndani ya kopo. Pakaza rangi kwenye sponji, kisha bonyeza mhuri kwenye sponji. Chini ya karatasi weka gazeti lililokunjwa ili uso uwe na ulaini kidogo, vinginevyo utapata umbo lenye mabaka.

Mhuri una uwezo ambao brashi haina, nao ni kurudia bila kuchoka. Hapo kanga ni mwalimu wetu mkubwa. Ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina linalosema. Kadi inaweza kupangwa hivyohivyo: muhuri mdogo ukirudiwa pembezoni, sura moja kubwa katikati, na maneno machache chini. Kinachoharibu kadi nyingi ni kukosa nafasi tupu kati ya pindo na mji, jicho likakosa pa kupumzikia. Mimi huacha angalau theluthi ya uso bila kugongwa chochote.

Karatasi za zamani zina mvuto, nami nazipenda mno, ila zichunguzwe. Gazeti hugeuka manjano haraka kwa sababu karatasi yake ina lignini nyingi ya mti, ambayo hubadilika ikipigwa na mwanga na hewa. Risiti za dukani za mashine ya EFD huandikwa kwa joto, na maandishi yake hufifia yenyewe. Barua ya babu au cheti cha kuzaliwa visikatwe kabisa. Vyote hivyo vipige fotokopi, ubandike nakala. Unga wa mashine ya fotokopi hauyeyuki kwa maji, kwa hiyo unaweza kupaka gundi na rangi juu yake bila hofu. Nakala iliyotoka kwenye printa ya wino wa majimaji itatoa machozi mara moja.

Hewa ya pwani lazima iingie kwenye hesabu. Wakati wa masika, karatasi iliyopakwa upande mmoja hujikunja, kwa kuwa nyuzi za upande huo zimevimba na kisha kuvutwa na rangi inapokauka. Paka upande wa nyuma maji au rangi nyepesi ili pande zote zivutane sawa. Kausha kivulini, kisha kazi ikishakuwa kavu kwa kuguswa ilaze chini ya vitabu vizito usiku kucha, ukitenganisha na karatasi ya nailoni ili isigande. Kuianika juani ni kuiomba ijikunje. Singa nazo zina ukaidi wake: gundi peke yake haizishiki vizuri mpaka zikandamizwe, ndiyo maana mimi huzishona.

Kuhusu kipimo, A4 ikikatwa katikati hutoa vipande viwili, na kila kimoja kikikunjwa kinakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148. Huenea katika bahasha ya C6, yenye milimita 114 kwa 162. Tabaka zikinenepa sana bahasha haifungi, basi tafuta kubwa zaidi au mkabidhi mwenyewe mkononi.

Wengine huuliza kuna haja gani, wakati kadi za mchango wa harusi zinachapwa kwa mamia na nyingine zinatumwa kwa WhatsApp. Kadi za mchango ziendelee kuchapwa, kamati ina watu wengi wa kuwafikia. Ya mkono ni kwa wachache: maharusi wenyewe, mama mzazi, mwalimu anayestaafu. Tena mashine na mkono havijawahi kuwa maadui. Kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa, aliyoiagiza Henry Cole huko London mwaka 1843, ilichapwa kisha ikatiwa rangi kwa mkono.

Ndani ya kadi usiandike juu ya manila iliyopakwa rangi, kalamu itakwaruza na wino utatanda. Kata karatasi nyeupe ya kawaida, ndogo kuliko kadi kwa milimita tano kila upande, ikunje, kisha itie gundi kwenye mstari mwembamba kando ya mkunjo tu. Ukiitia gundi yote itavimba na kuvuta kadi nzima. Maneno yaandikwe mwisho kabisa, kwa kalamu, na anayeitoa.