Je, wajua kwa nini kushuka Kilimanjaro kunaumiza mapaja kuliko kupanda?

Ukikaa Moshi mjini utawaona tu, hasa asubuhi. Mgeni katoka mlimani jana, Uhuru kafika, cheti anacho, lakini ngazi tatu za hoteli anazishuka kinyumenyume huku kashika ukuta. Kuzipanda hizohizo anapanda fresh tu. Sasa swali, kilichomtoa jasho na kumkata pumzi ni kupanda, mbona kinachomlaza ni kushuka?

Jibu la kijiweni ni "asidi ya laktiki imejaa kwenye misuli". Hili jibu limezeeka ila halifi, hata wanafunzi wa fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) wa mwaka wa kwanza utawasikia nalo. Halisimami kabisa. Laktiki ikipanda mwili unaishusha ndani ya kama saa moja ukishapumzika, wakati maumivu haya yanaanza kesho yake na kilele chake ni kati ya saa 24 na 72. Afu laktiki inazalishwa zaidi unapopanda, kwa hiyo kama yenyewe ndo mkosaji watu wangeamka wanalia kabla hata hawajaanza kushuka.

Twende kwenye goti. Kwadrisepsi, yaani ile nyama kubwa ya mbele ya paja, ni misuli minne inayoishia kwenye kano moja, kano hiyo inakumbatia pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, afu inashika juu ya mfupa wa ugoko kwa mbele. Tunakariri kwamba kazi yake ni kunyoosha goti, na ukiwa unapanda ni kweli, unaweka mguu juu ya jiwe, msuli unavuta huku unajifupisha, goti linanyooka, mwili unainuka.

Ukishuka mambo yanageuka. Goti la mguu uliobaki juu linajikunja taratibu ili mwili ushuke, na mguu uliotangulia ukigusa chini goti lake nalo linajikunja kidogo kupokea uzito. Hapa ndo wengi wanapigwa kwenye mtihani, wanaona goti linajikunja basi wanaandika misuli ya nyuma ya paja ndo inafanya kazi. Hapana. Anayelikunja goti ni uzito wako mwenyewe, na kwadrisepsi iko inabishana nao, inavuta kwa nguvu huku inarefushwa. Ni breki, kama za fuso linaloshuka mlima na mzigo. Kazi ya namna hii inaitwa esentriki, ile ya kujifupisha ni konsentriki.

Utamu wa esentriki ni kwamba ni rahisi kwa mapafu. Mwaka 1952 Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, migongo ikiangaliana, mmoja anakanyaga mbele na mwenzake anazuia pedali zinazomrudia. Nguvu ni ileile pande zote mbili, lakini yule anayezuia alitumia oksijeni kidogo sana kuliko mwenzake. Ndo maana kwenye kushuka watu wanapiga stori na wengine wanakimbia kabisa!

Ila bei inalipwa kwingine. Msuli ukirefushwa unaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko ukijifupisha, kwa hiyo ubongo unaita nyuzi chache kufanya kazi ileile, na kila uzi unabeba sehemu kubwa zaidi. Ndani ya uzi kuna vipande vidogo vinaitwa sakomea, ambamo protini mbili, aktini na myosini, zinashikana. Vile vilivyo dhaifu vinavutwa kupita kiasi, vingine vinachanika. Machaniko hayo ni madogo, huyasikii palepale. Baadaye seli za ulinzi zinakuja kusafisha, sehemu inavimba kidogo, neva za maumivu zinakuwa kali, na mchakato wote huo unachukua masaa mengi, ndo maana jioni ya siku ya kushuka mtu anakunywa bia vizuri tu na kesho hakai chooni.

Na Kilimanjaro ina ukatili wake. Kupanda hadi mita 5,895 watu wanatumia siku tano, sita, saba, pole pole. Kushuka kwa njia ya Mweka ni zaidi ya mita 4,000 za kwenda chini kwa kama siku mbili, na sehemu kubwa wanaimaliza siku ileile waliyotoka kileleni, wakiwa hawajalala.

Mbona wapagazi hawachechemei basi, na mizigo ile? Au mama wa Kibosho, kule kwenye miteremko ya mlima, anayeshuka na mkungu wa ndizi kichwani? Sio kwamba wana misuli ya ajabu. Msuli ukishaumia hivi mara moja na kupona, unakuwa sugu kwa wiki kadhaa, ukirudia kazi ileile maumivu ni madogo sana. Kwa hiyo anayejiandaa na mlima asihangaike na kupanda tu, atafute mteremko wiki mbili tatu kabla, ashuke, apumzike siku kadhaa, arudie. Fimbo mbili zinapunguza mzigo wa magoti. Kunyoosha viungo baada ya kazi, samahani kwa wanaoipenda, hakusaidii kitu cha maana kwenye maumivu haya. Ila mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usikae nyumbani, nenda hospitali siku hiyohiyo, msuli umevunjika sana na figo ziko hatarini.

Kwa wanafizio esentriki ni dawa pia. Mwaka 1998 Alfredson na wenzake kule Sweden walichukua wagonjwa wa kano ya kisigino iliyouma muda mrefu, wakawasimamisha ukingoni mwa ngazi na kuwaambia washushe kisigino taratibu, raundi tatu za mara 15, mara mbili kwa siku, wiki 12, na mguu usiouma ndo unarudisha mwili juu. Wengi walirudi kukimbia. Na mzee mwenye mapafu mabovu anayekata pumzi ngazi ya nne, mpandishe kwa lifti afu mshushe kwa ngazi, chache kwa kuanzia.